Swali la Kumi na Tisa

Bango lilishuka kwanza. Kabla ya mabati, kabla ya mbao, kabla hata ya yule bwana mwenyewe kukanyaga mchanga wa Vunidilo, vijana wanne wa Chama, kile cha misaada, waliruka kutoka kwenye boti la mizigo wakiwa wamebeba bango la turubai, refu kuliko nyumba yoyote iliyobaki imesimama pale kijijini, wakalifunga kati ya minazi miwili iliyokatwa vichwa na kimbunga. TUNAJENGA UPYA PAMOJA, lilisema. Ulamila alilipima kwa macho. Turubai zito, jipya, halina hata tundu. Lingefunika jiko la Taraivini na ubavu mzima wa kanisa, na kipande cha kuanikia nazi kingebaki.

"Zuri," alisema Taraivini, mjane wa nyumba ya pili, huku amejishika kiuno. "Mvua ikija tutakwenda kusimama mbele yake tulisome."

Kisha akashuka Ropate. Alikuwa afisa wa Chama kutoka Suva, mji mkuu, kijana wa miaka thelathini na kitu, mnene wa mashavu, amevaa buti za kupandia milima katika kijiji ambacho hakina mlima. Kizibao chake cha rangi ya machungwa kilikuwa na mifuko mingi kuliko mahitaji ya binadamu yeyote. Ulamila naye alikuwa na kizibao cha Chama, alichopewa miaka kumi na minne iliyopita, na jua lilikuwa limekipausha mpaka kikafanana na ganda la chungwa lililosahauliwa dirishani. Katika miaka hiyo kumi na minne alikuwa amefundisha watu kufunga majeraha, kuchemsha maji, kufunga paa kwa kamba kabla ya upepo. Mwezi wa pili, kimbunga kilipokuja, ni yeye aliyepita nyumba hadi nyumba akiwahimiza watu waende kanisani, na hakuna aliyekufa. Kwa kazi hiyo alipata cheti. Cheti nacho kikachukuliwa na upepo uleule.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane. Nusu mwaka mzima Chama kilikuwa kinakuja. Kilikuja kutathmini, kikaja kutathmini ile tathmini, kikaja kufanya warsha ya ustahimilivu, ambamo watu walifundishwa kwamba wao ni wastahimilivu. Leo ndiyo kilikuwa kinaleta mabati.

Kwanza mgeni alipaswa kupokelewa. Mgeni yeyote akiingia Vunidilo hupeleka kwa wenyeji mizizi ya yaqona, ile ya kutengenezea kinywaji cha heshima, mirefu na iliyofungwa vizuri, aombe njia, apigiwe makofi, ndipo aseme lililomleta. Ropate alikuwa Mfiji kama wao, amezaliwa na kukulia kijijini kwao, anajua haya yote tangu hajaota meno. Akaingiza mkono kwenye mfuko mmoja wa kizibao, akatoa pakiti ya unga wa yaqona wa dukani, katika plastiki, na bei bado imebandikwa.

Ulamila alitaka ardhi ipasuke. Sakiusa, mkuu wa kijiji, aliipokea ile plastiki kwa mikono miwili, akapiga makofi kana kwamba kapewa jino la nyangumi, zawadi kuu kuliko zote. Sakiusa hakuwahi kukataa kitu maishani mwake. Angemshukuru hata mtu aliyemkanyaga mguu, akamwomba radhi kwa kuwa na mguu.

"Karibu, mla panya!" Taraivini alipaza sauti kutoka nyuma. "Mama yako bado anapika bila chumvi?"

Watu wakaangua kicheko. Watu wa kwao Ropate na watu wa kisiwa hiki ni watani tangu enzi za mababu. Hukutana wakitukanana, na asiyetukanwa hurudi kwao amenuna. Alichotakiwa Ropate ni kuwaita wao wezi wa kuku, watu wacheke tena, waketi. Badala yake alikohoa kidogo, akashika kola.

"Mama, tuheshimiane. Nipo kazini."

Kicheko kikakatika. Taraivini akamtazama juu mpaka chini, kuanzia kola mpaka buti, akamgeukia Ulamila.

"Huyu hata utani kauacha Suva," alisema, bila kujisumbua kushusha sauti. "Labda haumo kwenye bajeti."

Mafungu yakapangwa kwenye uwanja, kila moja na kikaratasi chake: mabati kumi na mawili, mbao, mfuko wa misumari, mikanda ya chuma ya kufungia paa. Ropate akatoa kishikwambi, akasoma majina. Aliyetajwa alikwenda, akaweka sahihi kwa kidole, akapigwa picha akiwa ameshika bati na kutabasamu. Asiyetabasamu vizuri alirudia. Jina la Ulamila lilikuwa la kumi na nne. Hakutabasamu, na hakurudia.

Majina yalikwisha yakiwa thelathini. Nyumba za Vunidilo ni thelathini na moja.

Ulamila alisubiri kidogo, akidhani bwana anameza mate. Ropate alikuwa anafunga kishikwambi chake.

"Bado mmoja," alisema Ulamila.

"Orodha ndiyo hiyo, mama."

"Maciu hayumo."

Kaka yake Ulamila, baba mmoja mama mmoja, mkubwa kwake kwa miaka mitatu. Miaka sitini na moja, na kifua kilichomharibika tangu alipofanya kazi mgodini. Kimbunga kilimwachia msingi wa mawe wa nyumba yake, mtaro wa maji, na mlango mmoja ambao ulikutwa ufukweni. Tangu mwezi wa pili alikuwa analala chini ya kipande cha turubai kilichoegemezwa kwenye ukuta wa kanisa, na alfajiri kijiji kizima kilimsikia akikohoa. Kila mtu alijua kwamba mapafu yale hayataumaliza msimu mwingine wa mvua nje.

Na Ulamila hakuwahi kumsemesha tangu alipokuwa na miaka kumi na moja. Hawakugombana. Kaka na dada hawasemezani, basi. Hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja. Ni heshima, na kwao Vunidilo bado ilishikwa barabara. Kama Maciu aliingia kwa mlango wa baharini, Ulamila alitoka kwa mlango wa bara. Usiku wa kimbunga, maji yalipoanza kupanda, Maciu alikuja akagonga ukuta wake mara tatu kwa kasia, naye akagonga mara tatu kutoka ndani, wakaenda kanisani, yeye mbele, kaka nyuma, kila mmoja upande wake wa njia. Yaliyohitaji maneno yalipitia kwa mke wa Maciu. "Wifi, mwambie kaka samaki wapo." "Wifi, kaka yako anasema usipande muhogo ule upande." Lakini wifi yake alikuwa amefariki mwaka juzi, bila kuacha mtoto, na tangu hapo mdomo kati yao ukawa umekufa.

"Ngoja tumwone," alisema Ropate, akafungua tena kishikwambi, akakisugua kwa kidole. "Maciu, Maciu... Huyu hapa. Dodoso halijakamilika. Nyumba ya ishirini na mbili. Mdodosaji ni..." Akainua macho. "Mdodosaji ni wewe, mama."

"Ni mimi."

"Hukumhoji mlengwa."

Mwezi wa tano Chama kilimpa kishikwambi, kikampa siku mbili za mafunzo na kalamu, kikamtuma kuuliza nyumba zote maswali ishirini na mawili. Aliuliza. Alipofika kwa kaka yake alijaza vyote alivyovijua, na alivijua vyote: kuta hakuna, paa hakuna, choo hakuna. Kule ambako jibu lilitakiwa litoke kinywani mwa mwenye nyumba, aliacha wazi, na kwenye sehemu ya maelezo akaandika: Ni kaka yangu. Akaendelea na nyumba ya ishirini na tatu. Hakuna mtu kijijini aliyeona kosa hapo, na hata yeye, mpaka dakika hii, hakulifikiria kuwa ni kosa. Nani asiyeelewa maneno matatu? Ofisi ile ya Suva imejaa Wafiji. Kila mmoja pale ana dada au ana kaka.

"Nimeandika sababu," alisema.

"Mfumo hausomi sababu, mama. Mfumo unasoma majibu."

"Na wewe? Wewe husomi?"

"Mimi nahakiki."

"Una dada, baba?" Taraivini alidakia.

"Ninao wawili."

"Huwa unapiga nao soga?"

Ropate alitazama buti zake. Hapo ndipo Ulamila alipomdharau rasmi. Mpaka wakati huo alikuwa amemdharau kijuujuu tu, kwa plastiki na kola na buti, dharau ambayo mtu huiweka pembeni akipewa bati. Lakini huyu mtu alijua. Alijua kabisa, mpaka kwenye uboho wa mifupa, kwa nini yale maswali yalibaki wazi, na dada zake wale wawili hakika walikuwa wanaongea naye kupitia kwa mkewe. Mzungu angeuliza, angeelezwa, angeshangaa, angeandika kitabu. Huyu aliketi na ujuzi wake ameukalia, akisubiri mashine imwambie lililo kweli.

"Hilo ni suala binafsi," alisema Ropate.

"Fungu lipo," alisema Ulamila. Alikuwa ameliona kwenye boti, chini ya wavu, halina kikaratasi.

"Lile ni la akiba. Linarudi ghalani kama hakuna mlengwa aliyekamilika, na boti linaondoka kabla maji hayajakupwa." Akatazama saa, kisha akamtazama Ulamila, na sura yake ikalainika kidogo, sura ya mtu anayetoa zawadi. "Lakini tunaweza kulikamilisha sasa hivi. Muulize hapa, mbele yangu. Maswali saba tu ndiyo yamebaki wazi. Dakika tano."

Mtoto aliyekuwa anagonga bati kwa kijiti alipokonywa kijiti.

"Muulize wewe," alisema Ulamila.

"Mhakiki hamuulizi mlengwa. Mhakiki anamshuhudia mdodosaji. Ni kwa ajili ya kuzuia upendeleo."

"Mimi nitakuwa mdomo," alisema Taraivini. "Yeye aniambie mimi, mimi nimwambie Maciu. Ndivyo tunavyofanya."

"Mpatanishi anaharibu takwimu."

"Takwimu ni mayai?"

"Ni utaratibu, mama."

Sakiusa, mkuu wa kijiji, ambaye kazi yake katika dunia hii ilikuwa kusema neno wakati kama huu, alifungua kinywa. "Tunashukuru sana kwa utaratibu," alisema, akafunga.

Ulamila alitazama upande wa kanisa. Maciu alikuwa amesikia kila kitu. Turubai halizuii sauti. Alikuwa ameketi chini, amejifunga kiunoni sulu yake ya kijivu, miguu ameikunja, na alipoona macho ya watu yanamgeukia alizungusha mwili polepole akawapa mgongo. Mgongo ule ulikuwa umekonda. Mifupa ilihesabika chini ya fulana, na bega la kushoto lilipanda na kushuka kila alipovuta hewa. Ulamila aliutazama mgongo wa kaka yake mara moja tu, kisha akatazama chini, akafikiria mwezi wa kumi na moja, mvua ikianza, na kile kikohozi ukutani.

"Lete," alisema, akanyoosha mkono.

"Ulamila," Taraivini alinong'ona. "Sobo, jamani, Ulamila."

"Lete, nimesema."

Akapokea kishikwambi. Akatembea mpaka karibu na kanisa, akasimama hatua kumi kutoka kwa kaka yake, naye akageuka, wakapeana migongo. Ropate akaja akasimama kati yao pembeni, amejawa na umuhimu, kama mwamuzi wa mchezo asioujua. Kijiji kizima kikafuata, kisha kikaona aibu, kikatazama baharini.

Ulamila alisoma swali la kumi na tatu. Sauti ilitoka kavu, na hakuijua kama ni yake.

"Je, wewe ndiye mwenye nyumba hii?"

Kuku alilia mahali.

"Kainua nyusi," alisema Ropate. "Hiyo ni ndiyo. Nyusi zinakubalika."

Angalau hilo Suva walikuwa wamelijua. Ulamila akabonyeza. Swali la kumi na nne, ardhi ni ya ukoo wako? Nyusi. La kumi na tano, unaishi peke yako? Nyusi. La kumi na sita, una ugonjwa wa kudumu? Hapo kikohozi kilijibu kabla ya nyusi, na Ropate akasema inatosha. La kumi na saba, la kumi na nane. Kila swali lilimchubua Ulamila. Alikuwa na miaka hamsini na nane, mjane, bibi wa wajukuu wanne, na alisimama pale mchana kweupe kama mwanamke asiyefunzwa na mama yake, akimhoji kaka yake mkubwa mbele ya watu kwa ajili ya mabati. Alimchukia yule bwana. Alikichukia kizibao alichokivaa. Zaidi ya yote alijichukia kwamba alikuwa anasoma vizuri, kwa sauti ya kusikika, kama walivyomfundisha.

Swali la kumi na tisa lilikuwa refu. Lilikuwa limeandikwa na mtu mmoja mahali fulani penye kiyoyozi, na wote walioulizwa kijijini walikuwa wamelielewa haraka sana. Ukiwa na ndugu wa kukusaidia, unashuka alama. Usipokuwa naye, unapanda. Ndiyo maana katika kijiji ambacho kila mtu ni ndugu ya kila mtu, nyumba zote thelathini zilikuwa zimejibu kwamba hazina ndugu hata mmoja duniani, na Ulamila alijaza yatima thelathini kwa mkono wake, pamoja na yeye mwenyewe. Walicheka sana mwezi ule. Taraivini alisema wamekuwa kijiji cha kwanza kuanguka kutoka mbinguni.

"Je," alisoma Ulamila, "una ndugu wa damu anayeweza kukusaidia kujenga upya?"

"Tikisa kichwa tu, Maciu," Sakiusa alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni. "Tikisa kichwa, yaishe."

Kidole cha Ulamila kilikuwa tayari juu ya Hapana.

"Ninaye," alisema Maciu.

Hakuinua nyusi. Alisema kwa mdomo. Sauti ilikuwa nzito, imekwaruzwa na kikohozi, na Ulamila, ambaye kwa miaka arobaini na saba alikuwa akiisikia sauti ile kupitia kuta, ikiongea na watu wengine, alikiondoa kidole juu ya kioo.

"Ninaye dada," alisema Maciu.

Basi. Akakohoa. Alikuwa amelielewa lile swali kama kila mtu alivyolielewa. Alijua bei yake. Alikuwa radhi kuinua nyusi kwa mashine mpaka kesho, lakini dada yake alipomuuliza, mbele ya watu, kama ana ndugu, hakuwa tayari kumwambia hana.

Ropate alisogea. Akainama karibu na sikio la Ulamila, na kwa mara ya kwanza siku ile aliongea kama mtoto wa mtu.

"Mama, bonyeza Hapana. Mimi sijasikia kitu. Upepo ulikuwa mkali."

Hakukuwa na upepo hata wa kuyumbisha jani. Ulamila alimtazama. Uso wa mnene yule ulikuwa umelegea, jasho linamtiririka, macho yanamsihi. Alitaka kusaidia, maskini. Ndiyo maana alikuwa wa kudharauliwa hata zaidi: kumbe huruma alikuwa nayo muda wote, ameiweka kwenye mojawapo ya ile mifuko, na alipoitoa hatimaye ilikuwa ya uongo. Kuuliza mwenyewe alikataa kwa sababu ya utaratibu. Kughushi jibu, utaratibu haukumzuia.

"Bonyeza, mama. Mzee apate nyumba. Nani atajua?"

Ulamila alikitazama kidole chake. Lilikuwa jambo dogo. Alikuwa amelifanya mara thelathini mwezi wa tano, akicheka. Akibonyeza Hapana, lile fungu linashuka kutoka kwenye boti, ukuta unasimama, kifua kinapona au angalau kinakufa mahali pakavu. Na neno la kaka yake, neno pekee aliloambiwa naye tangu utotoni, linafutwa, na anayelifuta ni yeye. Wengine wangesema heshima haizuii mvua. Ulamila mwenyewe, siku nyingine, angeweza kusema hivyo, maana hakuwa mtu wa kuchezea mabati.

Akabonyeza Ndiyo.

Kishikwambi kikafikiri. Kisha kikaweka alama nyekundu na maandishi: HASTAHILI.

"Umemnyima kaka yako nyumba," alisema Ropate. "Umemnyima mwenyewe kwa mkono wako. Mimi nilijaribu. Watu wote ni mashahidi, nilijaribu."

"Chukua kitu chako."

Alimrudishia kishikwambi, akavua kile kizibao kilichopauka, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya kishikwambi. Kisha akatembea kuvuka uwanja mpaka kwenye mafungu, akatafuta la kumi na nne, lenye jina lake. Akaishika kamba, akaivuta aone uzito.

"Nyie," aliwaambia vijana waliokuwa wameketi kwenye ukingo wa uwanja. "Mnatazama nini? Beba hili. Lote. Lipelekeni kwenye msingi wa kaka."

Vijana walisimama.

"Haiwezekani!" Ropate alikuja akikimbia, buti zinazama mchangani. "Mama, hilo ni fungu lako. Umelisaini. Mnufaika haruhusiwi kuhamisha msaada kwa asiyestahili. Na wewe utalala wapi? Paa lako ni turubai lenye matundu, nimeona picha. Miezi mitatu ijayo vimbunga vinaanza!"

"Ulimsikia alivyojibu?"

"Nilimsikia."

"Si ulisema hukusikia?"

Watu wakacheka, kicheko kifupi na kichungu, na Taraivini akapiga paja.

"Ulimsikia," alisema Ulamila. "Amesema anaye ndugu wa kumsaidia. Mashine yako imekubali, imeandika. Sasa unataka awe mwongo?"

"Nitalazimika kuripoti. Jina lako linaweza kuondolewa kwenye awamu zote zinazofuata. Unaelewa? Zote."

"Ripoti."

"Mama, fikiria..."

"Ripoti, mwanangu. Na boti lako linakaukiwa."

Kweli maji yalikuwa yanaondoka. Nahodha alipiga honi mara mbili. Ropate alisimama na kizibao kilichopauka mkononi, akitafuta la kusema na mahali pa kukiweka, hakupata hata kimoja. Sakiusa alimshukuru kwa niaba ya kijiji. Vijana wa Chama walifungua bango kutoka kwenye minazi, wakalikunja kwa uangalifu, kwa kuwa lilikuwa na kijiji kingine kesho, na lile fungu la akiba likaondoka nao chini ya wavu, mabati kumi na mawili yasiyo na mwenyewe, kurudi kukaa ghalani mpaka apatikane mtu asiye na mtu.

"Utalala kwangu," alisema Taraivini. "Ila unakoroma."

"Wewe ndiye unakoroma."

"Tutaona."

Ulamila alichukua mfuko wa misumari, ambao vijana walikuwa wameuacha, akawafuata. Alikuwa amepoteza paa. Alilijua hilo vizuri, hakujidanganya, na alijua pia kwamba mwezi wa kumi na moja ukifika atalaani siku hii kila tone litakapomdondokea. Lakini yale maneno mawili yalikuwa yanamzunguka kichwani, ninaye dada, na alitaka kuyasikia tena, akajua hatayasikia.

Vijana walikuwa wameshusha mabati kwenye msingi wa mawe. Maciu alikuwa pale, anapanga mbao, ndefu huku, fupi kule, na kila baada ya mbao mbili alisimama kuvuta pumzi. Aliposikia hatua za dada yake aliacha kazi, akaenda kusimama upande wa pili, akageuza uso kuelekea baharini kama inavyotakiwa. Ulamila akaweka mfuko wa misumari juu ya jiwe la pembeni, mahali ambapo mkono wa kaka ungeufikia bila kuinama sana, akaondoka.